Kucha za Wolter

Gundi ya kubandikia namba ilipikwa jikoni, kwa unga wa ngano na maji, na mpishi, Bi Neel, alikuwa amenuna tangu Jumatatu kwa sababu unga huo ulikuwa wa chapati za maji za Jumapili. "Msiba wao, unga wangu," alisema, akaikoroga mpaka ikashika. Kisha akaimimina kwenye bakuli, akampa Hille aipeleke juu.

Hille ndiye aliyekuwa mtumishi wa chumba cha maajabu. Baron van Hoogwerve, mwenye nyumba hiyo ya kando ya mfereji mjini Utrecht, alikuwa amekusanya vitu maisha yake yote: makombe ya konokono wa bahari za mbali, ndege waliojazwa pamba, mamba aliyening'inizwa darini, mawe yenye samaki ndani yake. Mkewe alimtangulia, na mtoto hawakujaliwa. Alipokufa, nyumba iliangukia kwa mpwa wake Reinout, kijana mpole ambaye alipiga chafya kila aliposogelea manyoya. Akaamua vyote vipigwe mnada. Ndivyo walivyo wakubwa wa kwetu: mmoja anakusanya, wa pili anauza, wa tatu anaanza kukusanya upya.

Na hakuna mnada wa watu wakubwa bila katalogi. Kazi hiyo alipewa Bwana Wiarda, msomi mwembamba kutoka Friesland. Alikuwa ameketi katikati ya chumba, wigi lake amelitundika kwenye pembe ya swala, akieleza kila kitu kwa maneno machache na kukipa namba. Hille alipaka gundi, akabandika. Wakaenda hivyo, rafu baada ya rafu, mpaka wakafika kwenye kona ya dirisha alipokuwa Wolter.

Wolter alikuwa mwana wa Hille. Alikaa ndani ya chupa ya kioo yenye kimo cha saa kubwa ya kusimama, iliyojazwa spiriti mpaka juu na kufunikwa kwa kibofu cha nguruwe kilichokazwa kwa kamba na kupakwa rangi nyeusi.

Habari yake si ndefu. Hille alimzaa angali msichana, baba akiwa kijana mshona matanga aliyepanda meli ya Kampuni ya biashara ya mashariki na hakusikika tena. Watu walisema mtoto ni wa Baron. Watu hawana dogo. Hakuwa wa Baron. Mtoto aliishi usiku mmoja. Asubuhi Baron mwenyewe alishuka kwenye chumba cha watumishi, kofia mkononi, akasema, "Lala, binti. Nitamshughulikia mimi." Hille alidhani anazungumzia kaburi. Alipouliza ni wapi, aliambiwa ni mahali pazuri.

Machipuko yalipofika alitumwa kwa mara ya kwanza kufuta vumbi katika chumba cha maajabu, akamkuta kwenye rafu, kati ya tawi la marijani na mwanakondoo mwenye vichwa viwili. Walikuwa wamemvalisha kikuku cha lesi. Hille aliweka kitambaa chini. Baadaye akakiokota tena, kwa kuwa alikuwa ametumwa kufuta vumbi.

Nisieleweke vibaya: Baron hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Mtu mbaya unamlaani, ukalala usingizi. Huyu alidhani amemheshimu.

Kisha Wolter akaanza kukua. Alikua kama watoto wengine wanavyokua, si haraka, si polepole. Chupa ilipombana, Baron aliandika kwa mafundi wa kioo wa Leerdam, wakatengeneza kubwa zaidi, wakilalamika tu kuhusu upana wa mdomo. Meno yalipoota, wageni walialikwa kuja kuyaona, wakapewa mvinyo na biskuti. Profesa mmoja alieleza kwamba ni ubora wa spiriti. Mchungaji aliulizwa kama kijana huyo abatizwe. Alisema jambo hilo litajadiliwa, na likajadiliwa.

Hille alimwomba Baron mara moja tu ruhusa ya kumzika. Baron alisikitika kwa dhati. "Kaburini angeoza, Hille," alisema. "Hapa anakua." Hille akarudi kwenye kazi zake.

Kila machipuko chupa ilifunguliwa ili spiriti iongezwe. Siku hiyo Hille alipewa ngazi na dakika chache. Alimnyoa ndevu zilipoanza kuota, akambadilisha shati alilomshonea yeye mwenyewe, akamkata kucha kwa mkasi mdogo aliouweka mfukoni mwa aproni. Siku nyingine zote alifuta kioo kwa nje. Wolter alikuwa na tabia ya kugeuka polepole ndani ya chupa mpaka uso wake umwelekee. Hille alipohamia dirisha jingine, naye aligeukia huko. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao.

"Na huyu?" aliuliza Bwana Wiarda.

"Huyu Wolter, bwana."

"Wolter si maelezo." Aliizunguka chupa, akapima kwa kamba. "Hili shati ni la nani?"

"Nimelishona mimi."

"Basi si la kale. Litavuliwa. Nikiacha kazi ya sindano juu ya kitu cha maumbile, wanunuzi wa Paris watanicheka mpaka kaburini." Akaendelea kuandika huku akisoma kwa sauti. "Mwanamume mzima, rangi nzuri, meno kamili, kidevu laini." Akainama karibu na kioo. "Mbona kucha ni fupi?"

"Namkata kila machipuko."

Bwana Wiarda alichovya kalamu, akaiacha hewani. Kitu kinachokatwa kucha na mtumishi kilisikika kama si kitu cha kisayansi. Akaandika: *kucha fupi kwa asili*. Kisha akanyoosha mkono apewe namba, na Hille akaibandika kwenye kioo, chini kabisa, isije ikamziba uso.

Siku hiyohiyo alikwenda kwa Reinout, ambaye alikuwa anakula supu ya njegere peke yake kwenye meza ya watu wengi.

"Bwana mdogo, sina ninaloomba katika nyumba hii ila mwanangu."

Reinout aliweka kijiko. Masikio yalimwiva. "Bi Hille, laiti ungesema mapema. Kurasa za kwanza zimeshakwenda kwa mpiga chapa."

"Bwana Wiarda hajamaliza kuandika."

"Ndiyo, lakini ukurasa wa mbele umeshatangaza 'mkusanyiko mzima, bila upungufu'. Umetumwa mpaka kaskazini. Nikitoa kimoja, watasema nyumba yetu inadanganya." Akamtazama kwa huruma ya kweli. "Njoo mnadani kama wengine. Nani atakukataza?"

Hille alishukuru, maana amelelewa kushukuru.

Kazi yake ikiisha angekwenda kuishi kwenye hofje, ule ua wa vijumba ambamo wanawake wazee wasio na watu hupewa chumba kimoja, pampu moja ya maji na kimya kingi. Msimamizi wake, Bi Sibilla, alikuwa mkali kuhusu sheria, na ya kwanza ilikuwa kwamba mwanamume halali humo. Hille alimweleza kila kitu bila kuficha.

"Yumo ndani ya chupa muda wote?" aliuliza Bi Sibilla.

"Muda wote, bibi."

"Basi ni chombo. Vyombo vinaruhusiwa."

Hille akapima nafasi karibu na dirisha la chumba hicho, akaona chupa itaenea ikiwa kiti kitasogezwa. Kwa mara ya kwanza alijiona kama mtu anayehamia mahali, si mtu anayeondolewa. Angemfuta kioo kwa ajili yake mwenyewe. Na siku atakayoona inafaa, angekata kamba na kufungua kibofu, bila kuomba ngazi kwa mtu. Kisha amvike shati, na kama ni kumzika amzike, na kama ni kukaa wakae.

Mahali pengine mnada hupanda. Kwetu hushuka. Dalali anaanza juu kabisa, anateremka hatua kwa hatua, na wa kwanza kusema "Changu!" ndiye mwenye kitu. Ukiwahi, umelipa kijinga, ukichelewa, umekosa. Neel alikuwa amenunua samaki kwa njia hiyo maisha yake yote.

"Sikiliza, mwenzangu," alisema, akiwa anaparua samaki. "Nani atataka mwanamume mzima kwenye chupa? Wataweka wapi? Wale wanafuata makombe. Wewe mwache dalali ashuke, ashuke, mpaka afike kwenye akiba yako. Ndipo useme."

"Na mwingine akiwahi?"

"Basi amewahi. Haya, sema nisikie."

"Changu," alisema Hille.

"Hiyo sauti ya kuomba chumvi. Sema kama mtu aliyekanyagwa kidole!"

Hille alijaribu tena, akielekea kwenye pipa la siagi. Neno lilimkwama. Kitanda alichokilalia kilikuwa cha nyumba, ufunguo wa nyumba, hata mkasi ulikuwa umeandikwa herufi ya nyumba. Alijaribu mpaka Neel akaacha kucheka na kugeukia samaki wake.

Siku za maonyesho watu walikuja wengi. Wolter alisimama bila shati, na Hille akatundika aproni yake mbele ya chupa. Mabibi waliinua pindo kwa ncha ya kipepeo cha kujipepea, wakaliachia, wakaenda kwa mamba. Shati lenyewe halikupewa namba, kwa hiyo halikuwa la mtu. Hille alilikamua, akalikunja, akaliweka kwenye kapu lake.

Mnada ukafanyika katika ukumbi wa chini. Dalali alikuwa Bwana van Tricht, mtu wa tumbo kubwa na sauti ya kanisani. Safu ya mbele aliketi Bwana Lindequist, wakala wa mwanamfalme mmoja wa kaskazini, aliyenunua makombe karibu yote kwa kusema "changu" taratibu huku akimenya chungwa. Hille na Neel walisimama nyuma, karibu na mlango.

Wolter aliletwa na wachukuzi wanne. Walimweka uso ukielekea ukutani. Akageuka, kama kawaida yake, polepole, akaipita safu ya mbele, akayapita mawigi yote, mpaka akamwona mama yake. Dalali alingoja spiriti itulie.

"Haya, mabwana! Mwanamume mzima, meno kamili, kidevu laini, kucha fupi kwa asili. Hamtampata mwingine."

Akaanza juu. Akateremka. Mtu mmoja alipenga kamasi. Akateremka tena. Bwana Lindequist alikuwa anahesabu kokwa za chungwa lake, hakuinua kichwa. Neel alimshika Hille mkono, akaufinya kwa kila hatua. "Bado," alinong'ona. "Bado, shoga. Bado." Dalali alikuwa anashuka sasa kama mtu aliyechoka na ngazi. Sauti yake ilikaribia pale ilipokuwa akiba ya Hille, ikafika.

"Changu!"

Ilitoka vizuri. Ilitoka kama mtu aliyekanyagwa kidole. Ila zilikuwa sauti mbili.

Ya pili ilitoka ndani ya chupa. Ilikuwa nzito na ya mbali kidogo, kama ya mtu anayeita kutoka stoo ya chini, na kiputo kimoja kikubwa kilipanda kutoka mdomoni mwa Wolter, kikagonga kibofu. Hille hakuwahi kumsikia. Hata usiku ule mmoja alioishi hakulia. Alikoroma tu kidogo. Hille alisimama pale na sauti ya mwanawe masikioni, na kwa muda huo mfupi, naapa, hapakuwa na mwanamke mwenye furaha kuliko yeye katika mji mzima.

Watu waligeuka, si kwa mshangao, bali kuona dalali ataamuaje. Van Tricht alikuna shingo.

"Wamesema wawili kwa pamoja," alisema. "Sheria mnaijua. Kinarudi mwanzo."

"Namwachia, bwana!" Hille alisogea mbele, akipenya katikati ya viti. "Mimi nimejitoa. Mpe yeye. Amesema mwenyewe, mpe yeye."

"Bibi, neno likitoka kwa mmoja, limefunga. Likitoka kwa wawili, halikutoka kwa yeyote." Hakulisema kwa ukali. "Tafadhali rudi nyuma, unazuia watu."

"Lakini ni mwanangu."

"Hapa sote tunasema ni chetu, bibi. Ndiyo kazi ya mnada."

Wachache walicheka. Neel alimvuta Hille kwa mkono wa gauni. Bwana Lindequist alikuwa ameweka chungwa chini. Kitu kinachotakiwa na wawili kwa pamoja kilikuwa kitu kingine kabisa, hasa ikiwa mmoja wa hao wawili ni kitu chenyewe. Dalali alivuta pumzi, akarudi juu kabisa, na kabla hajateremka hata hatua moja Bwana Lindequist akasema, kwa sauti ya kuomba chumvi, "Changu."

Nyundo ikagonga. Reinout alikuja nyuma ya ukumbi, macho mekundu, sijui kwa huzuni au kwa manyoya. "Pole sana, Bi Hille. Ulikaribia."

Neel alilia ndani ya aproni. "Maneno yangetoka moja baada ya jingine!" alisema. "Angengoja tu kidogo! Kidogo tu, jamani!" Hille hakulia. Alimfuata Bwana Lindequist mpaka uani, ambako sanduku la mbao lilikuwa linapigiliwa misumari.

"Bwana, kuna jambo la kucha," alisema. "Zinakatwa kila machipuko, chupa ikifunguliwa. Si kazi kubwa. Mkasi mdogo unatosha." Akautoa mkasi mfukoni, akamnyooshea.

Bwana Lindequist alifungua katalogi, akatafuta kwa kidole, akapata. "Imeandikwa hapa ni fupi kwa asili," alisema kwa upole, na akamwonyesha mahali, ingawa Hille hakujua kusoma.

Chupa ilisafirishwa kwa boti la mfereji, la kukokotwa na farasi. Sanduku lilikuwa na uwazi upande mmoja ili wasimamizi wa ushuru waone kilichomo. Hille alitembea kando ya farasi mpaka nje ya mji, akiongea kidogo na mkokotaji kuhusu hali ya hewa. Wolter alikuwa amemgeukia. Kwenye daraja la mwisho njia ya miguu ilikatika kwa wasiolipa ushuru, akasimama hapo. Boti lilipokata kona, aliona Wolter bado anageuka, kidogo kidogo, kulenga daraja.

Akahamia kwenye hofje. Bi Sibilla alikuja kukagua, akaona nafasi tupu karibu na dirisha.

"Kiko wapi kile chombo?"

"Kimeuzwa, bibi."

"Basi weka ua."

Hakuweka ua. Shati alilitundika kwenye msumari karibu na nafasi hiyo, na kwa kuwa halikuacha kunuka spiriti hata baada ya kufuliwa, wanawake wenzake walisemezana pampuni kwamba Bi Hille analewa peke yake. Hakuwakatalia. Ingekuwa kazi kueleza, na ambao wangemsikiliza walikuwa na wafu wao wenyewe. Neel alikuja Jumapili za mwanzo, kisha miguu ikamshinda. Jioni Hille alikaa kwenye kiti alichokuwa amekisogeza ili chupa ienee. Hakukirudisha mahali pake. Wakati mwingine alisema kwa sauti lile neno, moja, kisha akangoja.

Miaka ilipita. Siku moja ya machipuko Bwana Wiarda alibisha hodi, akiwa amezeeka na bila wigi, na kitabu kipya kwapani. Alikuwa anapita tu mjini, alisema, akakumbuka kwamba yupo mtu mmoja Utrecht atakayefurahi naye. Hille alimpa kiti, yeye akakaa kitandani. Akammiminia maziwa ya mtindi.

"Mwanamfalme amechapisha katalogi ya mkusanyiko wake," alisema Bwana Wiarda. "Na unajua wametumia maneno ya nani? Yangu! Neno kwa neno. Sikiliza." Akafungua palipokuwa na uzi. "Mwanamume, mvi kiasi. Sawa, hilo wameongeza wao. Rangi nzuri, meno karibu kamili. Uso umeelekea kusini, na ukigeuzwa hurudi huko, kwa sababu ya mkondo wa spiriti." Akakunja uso. "Halafu hapa ndipo waliponiharibia. Kucha ndefu kwa asili, zimejikunja mpaka viganjani. Ndefu! Mimi niliandika fupi, na jina langu liko hapo chini kila mtu alione. Wamekosea."

"Hawajakosea, bwana," alisema Hille.

"Wamekosea, mama. Kitu hakiwezi kuwa na asili mbili." Akanywa mtindi wake, akausifu, akauliza kama hofje ni baridi wakati wa kipupwe. Hille alisema ni baridi kiasi. Msomi alipoondoka alisahau kumuaga Bi Sibilla langoni, jambo lililozungumzwa pampuni wiki nzima.

Hille aliosha kikombe. Kisha akafungua droo, akatoa mkasi, akaupaka mafuta kidogo kwenye maungio kama alivyofanya kila machipuko ili usishike kutu, akaufungua na kuufunga mara mbili tatu karibu na dirisha. Ulikuwa bado unakata vizuri. Akaurudisha kwenye droo.